Nilikwenda Jinja kusikiliza muziki wa mashine, nikamkuta dada anapiga mikisa isiyochomekwa kitu

FundiMziki_Tandika (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Jambo hili nimekaa nalo tangu Septemba 2019, na huenda ningeendelea kukaa nalo kama si harusi ya Jumamosi iliyopita. MC kachukua maiki, kashuka jukwaani kumfuata mama wa bwana harusi, kapita mbele kabisa ya spika kubwa. Maiki ikapiga mluzi, ukumbi mzima ukaziba masikio. Mkono wangu ulishafika kwenye ikwalaiza, kidole kiko juu ya hezi elfu mbili na mia tano, sauti ya mluzi wenyewe, kilichobaki ni kuvuta chini tu. Nikasita. Sekunde mbili, labda tatu. Nilikuwa nausikiliza. Mluzi, wakuu! Nausikiliza kama mtu anavyomsikiliza mwimbaji. Baba wa bibi harusi alinitazama kwa jicho moja, na salio langu sijalipwa mpaka ninapoandika hapa.

Kwa hiyo nimeona nieleze ugonjwa huu niliupata wapi.

Mimi nakodisha mziki. Sio dijei, sio mwanamuziki. Nina spika, ampu, mikisa (ile mashine ya vitufe ya kuchanganyia sauti), maiki, na jenereta kama umeme wenu hauaminiki. Harusi, kitchen party, msiba, mkutano wa injili, kigodoro, kote nimefunga. Watu wanadhani kazi ya fundi mziki ni kufanya vitu vilie. Nusu ya kazi ni kufanya vitu visilie: mngurumo wa umeme pale waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, unapokosekana, mkwaruzo wa jeki iliyolegea, na huo mluzi wa maiki ambao sisi tunauita fidibaki. Mwaka 2019 nilikuwa nimeshaifanya kazi hiyo miaka 12.

Sasa kuna kijana alikuwa ananibebea spika. Akaacha, akaingia kwenye singeli, akawa anatengeneza biti kwa laptopu iliyokosa herufi tatu kwenye kibodi. Mwaka huo yeye na wenzake wawili wakaalikwa Uganda, kwenye tamasha linaitwa Nyege Nyege. Wakaniomba niwasindikize maana wao mpaka hawaujui, na mimi nina pasi ya kusafiria na umri wa kuongea na askari. Jina la tamasha nilimwambia mke wangu mara moja tu. Aliniuliza nirudie. Nikarudia. Akaenda kukaa nje. Ilibidi kijana aje nyumbani na karatasi ya mwaliko aeleze kwamba kwa Waganda maana yake ni ile hamu ya kucheza inayokushika miguu mpaka usiweze kutulia. Mke wangu akasema, "Hata kwetu ni hamu."

Tukapanda basi. Dar, Arusha, Namanga, Nairobi, Busia, tukashuka Jinja miguu imevimba kama ya wajawazito.

Tamasha liko kando ya Nile, siku nne, majukwaa kadhaa yametawanyika chini ya miti, mengine mteremko mzima kuelekea mtoni. Kitu cha kwanza sikuangalia watu, niliangalia spika. Besi zimepangwa vizuri, chini kabisa, si kama zetu tunazozipandisha juu ya meza ili mwenye shughuli aone amepata thamani ya pesa yake.

Vijana wangu walipiga usiku wa kwanza. Singeli naijua, sina la kushangaa, nimeshafunga vigodoro mpaka jua likatoka. Ila kule walikuwa wanaifungulia kasi bila huruma, na watu wa mataifa yote wanaruka kama wanakanyaga makaa. Nilijisikia vizuri. Basi.

Kilichoniua ni usiku wa pili. Naelekea kutafuta rolex (kwa wasiojua, ni chapati na mayai imeviringishwa), napita jukwaa dogo, nasikia mngurumo. Akili yangu ikasema: ethi imekatika. Nikageuka kwenda kusaidia, naapa, nilikuwa naenda kusaidia. Nafika, watu kama sitini wamesimama kimya, wengine wamekaa chini kwenye nyasi, macho yamefumbwa. Mbele kuna dada mmoja, mwembamba, kavaa koti la mvua, meza ndogo, juu ya meza mikisa ya chaneli nane. Hakuna laptopu. Hakuna kinanda. Hakuna maiki.

Nikasogea mpaka karibu, maana fundi ni fundi. Nikafuata waya kwa macho. Waya mfupi wa jeki umetoka pale mikisa inapotolea sauti, umezunguka nyuma, umeingia chaneli ya kwanza. Mwingine umetoka njia ya eko, umeingia chaneli ya tatu. Wa mwisho ndio unakwenda kwenye spika. Wakuu, mikisa ilikuwa inajilisha yenyewe. Inakula mkia wake. Alichokuwa anafanya dada ni kugusa vitufe, kidogo, kama mtu anayepima chumvi. Akigusa cha treble, mngurumo unapanda unakuwa mluzi. Akishusha, unakatika vipande vipande kama mtu anapiga chafya ndani ya pipa. Akiacha kugusa, unatulia, unabaki unapumua.

Kosa hilohilo yule kijana wangu aliwahi kulifanya kwa bahati mbaya kwenye kitchen party Temeke. Tuita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikaungua, na mimi nikamkata nusu ya ujira wake wa siku. Na sasa amesimama pembeni yangu. Akaniinamia sikioni: "Bosi, unakumbuka?"

Nimeenda mapumziko, narudi kuendelea.

Mbwiga_wa_Buguruni

Kiti cha mbele kabisa nimekaa, soda mkononi. Tiririka mkuu.

Kiranja74

Chai. Mikisa bila kuchomeka kitu italiaje? Hata redio ya mkulima inahitaji stesheni.

dada_Tausi

Mimi nimeishia kwa mke aliyeenda kukaa nje 😂😂 Huyo mama apewe heshima yake.

Waya_Mbili

Kiranja, sio chai. Nafundisha umeme, ngoja nijaribu bila kuwachosha.

Kila mikisa, hata ikiwa kimya, ina vurugu ndogo sana ndani yake, ule mchakacho unaousikia ukifungua sauti mpaka mwisho. Ukichukua mchakacho huo ukaurudisha mlangoni, unakuzwa. Unatoka mkubwa zaidi, unarudi tena, unakuzwa tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kuwa mikisa haikuzi sauti zote sawasawa, kuna sauti moja inawashinda wenzake, na hiyo ndiyo unayoisikia. Ukizungusha kitufe cha treble au besi, hubadilishi "utamu", unabadilisha nani ashinde. Ndio maana unapata mluzi, mara mngurumo. Maiki mbele ya spika ni mchezo uleule, ila pale hewa ya chumba nayo inaingia kwenye mzunguko, umbali ukibadilika na mluzi unabadilika.

Kuna Mjapani, Toshimaru Nakamura, amejulikana dunia nzima kwa kupiga mikisa ya namna hiyo tangu miaka ya 1990 inaishia. Hiyo ndiyo ala yake, kama mwingine anavyopiga gitaa.

Kiranja74

Sawa mwalimu. Nafuta neno chai. Naweka uji.

Mtumishi_Barikiwa

Wapendwa, muwe macho. Sauti zisizo na mpangilio, watu wamefumba macho usiku kando ya maji, na jina la tamasha lenyewe hilo. Tusiite kila kitu sanaa. Nakumbuka hata serikali yao ilitaka kulipiga marufuku.

Muna_Kampala

Ni kweli, mwaka 2018 Waziri wa Maadili alitangaza kulifuta, siku chache baadaye likaruhusiwa. Na 2022 bungeni likazuka tena, likaruhusiwa kwa masharti. Kila wakipiga marufuku tiketi zinatafutwa zaidi 😀

Kuhusu jina, aliyoeleza kijana ndiyo yenyewe. Nyie Waswahili ndio mnafikiri vibaya.

Waya_Mbili

Mtumishi, nitakupa kitu kitakachokufurahisha au kukuudhi, sijui. Mwaka 1944 huko Cairo, kijana mmoja Mmisri, Halim El-Dabh, aliazima kinasa sauti kutoka kituo cha redio. Kilikuwa kinarekodi kwenye waya wa chuma, kabla utepe haujaenea. Akaenda nacho kurekodi nini? Zar. Ndiyo, ngoma ya kupunga pepo, wanawake wanaimba. Akarudi studio, akaondoa sehemu za sauti, akaongeza mwangwi, mpaka kikabaki kitu ambacho si zar tena. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kurusha redioni sauti za garimoshi mwaka 1948, jambo ambalo vitabu vingi vinalihesabu kuwa ndio mwanzo wa muziki wa aina hii.

Kwa hiyo pepo walikuwepo tangu siku ya kwanza. Na walirekodiwa.

Mtumishi_Barikiwa

Nilijua.

BiMkubwa_Mkunazini

Mimi nimesoma tokea juu mpaka hapa nimeshika shavu.

Wanangu, kwetu Unguja mtu anakaa na kanuni, ala ile ya taarab, nyuzi sabini na kitu, anaikaza uzi baada ya uzi, watu wanamngoja na hakuna anayelalamika, maana ikitoka kombo hata kidogo mwimbaji ataaibika. Halafu mnanieleza kuna mtu kaacha makusudi chombo kilie vibaya na watu wakakaa kitako kumsikiliza?

Nina suali moja tu kwa Fundi. Sisi tuna neno: kutarabika. Muziki ukikuingia, unatikisika mwenyewe, unainuka, unakwenda kutunza. Hao watu sitini, walitarabika? Au walikuwa wanaona haya kuondoka?

FundiMziki_Tandika

Shikamoo Bi Mkubwa. Swali lako ndilo lililonirudisha hapa, nilikuwa nimeshalala.

Wapo walioona haya, sitakudanganya. Palikuwa na kijana mbele yangu kila dakika anaangalia simu kisha anatikisa kichwa taratibu ili aonekane anaelewa. Wa aina hiyo wapo hata kwenye taarab, mama yangu alikuwa anawaita "waliokuja kuonesha doti".

Ila mimi binafsi, ndiyo. Naomba nieleze ilivyokuwa, mniamini msiniamini.

Dakika kumi za kwanza nilikuwa nateseka. Kila mluzi ukitoka, mkono wangu wa kulia unajikunja, unatafuta kitufe ambacho hakipo. Nadhani ndivyo anavyojisikia dereva wa daladala akipanda gari la mtu mwingine, anakanyaga breki hewani. Halafu mahali fulani katikati mkono ukachoka. Ukalala. Na hapo ndipo nikaanza kusikia kwamba ndani ya ule mngurumo kuna mingine midogo, mitatu, minne, inapishana, mmoja unatembea polepole kuliko wenzake na wakikutana yanatokea mapigo, wum, wum, wum, mpaka kwenye mbavu. Mapigo hayo nayajua vizuri. Nimeyasikia mara elfu kwenye jenereta mbili zikifanya kazi pamoja. Sijawahi kuyasikiliza, nilikuwa nayazima.

Basi nikainuka kutunza. Kwa mazoea tu, Bi Mkubwa, mwili ulikwenda wenyewe. Nina noti ya elfu tano ya Uganda mkononi, nimeshafika mbele ya meza, ndipo nikagundua hakuna mtu mwingine aliyesimama na sijui pa kuiweka. Kwenye paji la uso? Haiwezekani. Nikaiweka pembeni ya mikisa. Meza ilikuwa inatetemeka kwa besi, noti ikaanza kutembea. Polepole, kama kaa. Ikafika ukingoni ikaanguka. Dada akaitazama, akanitazama, akacheka mpaka mkono ukateleza kwenye kitufe na mluzi mkali ukawatoa watu wote usingizini. Akainama, akaiokota, akairudisha juu ya meza, na kila ikitembea anaongeza besi kidogo ili ikimbie, anapunguza isimame. Kwa dakika kama tatu onyesho zima lilikuwa ni ile noti yangu. Watu wakasogea kuangalia.

Kwa hiyo nilitunza, na nikapewa chenji yangu palepale.

BiMkubwa_Mkunazini

Haya. Hapo umenijibu. Ila bado nasema mkaze nyuzi.

Mbwiga_wa_Buguruni

Noti inatembea kama kaa 😂 Uzi wa mwaka huu.

Dogo_Mburahati

Mimi nataka kuongea kitu kuhusu usiku wa kwanza ambao bosi umeuruka kwa mistari miwili.

Singeli ikifika nje inawekwa kwenye fungu la "muziki wa majaribio". Mwaka 2017 studio ya Sisso, hapa hapa Mburahati, ilitolewa mkusanyiko wake na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na tangu hapo jamaa wa mtaani wameshapiga Ulaya matamasha makubwa. Safi sana, wale kaka zangu. Lakini jaribio liko wapi? Jaribio ni pale hujui kitakachotokea. Sisi tunajua vizuri sana kitakachotokea. Biti mia mbili na kitu kwa dakika, zikifika mia tatu mnyonge anakaa pembeni, kina dada wanainama, mtu anamwaga maji, mjumbe anakuja saa sita anasema zimeni. Hicho kitu kimeshapimwa mtaani kila Jumamosi miaka na miaka. Asiyemfikisha mtu wa Mburahati hapewi shughuli wiki inayofuata. Hakuna aliyejaribu.

Nyie mnaofumba macho kwenye nyasi ndio mnaojaribu.

Kiranja74

Dogo kapiga hapo.

Mzee_Kasio

Dogo ana hoja ila asisahau tulikotoka. Mimi nilikuwa kwenye mchiriku miaka ya tisini. Kinanda kidogo cha Casio, kile cha mtoto, betri zinafungwa kwa mpira wa tairi, kinapitishwa kwenye spika ya pembe kama ya muuza sumu ya panya. Spika ile haikutengenezwa kwa muziki. Sauti inatoka imechanika. Tungeweza kutafuta spika nzuri? Baadaye, ndiyo. Tukajaribu mara moja na spika safi, watu wakasema leo mmelewa nini, mbona hamna nguvu. Tukarudi kwenye pembe.

Sasa hapo niambieni, ule mchaniko ulikuwa kosa au ulikuwa ala? Wakati ule hakuna aliyetuuliza. Tulikuwa tunaitwa wahuni, basi.

FundiMziki_Tandika

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma hii mara tatu. Sina jibu lakini leo nimeitoa ile spika ya pembe stoo, nimeipangusa.

Dogo, nimeuruka usiku wa kwanza kwa sababu ni nyumbani. Mtu akirudi safari hasimulii ugali. Na nakuunga mkono: walipokuwa wanapiga vijana wetu, hakuna hata mmoja aliyefumba macho.

Buda_Ruiru

Aki huu uzi mtamu. Niaje watu wa TZ.

Mimi ni msee wa Nairobi na wacha niwaambie kuna huyu kijana wetu anaitwa KMRU. Jina lake Joseph Kamaru, na ndiyo, ni mjukuu wa yule Kamaru mkubwa wa nyimbo za Kikuyu, wanatumia jina moja. Babu alikuwa maneno, maneno, kila mstari una fumbo. Mjukuu hana hata neno moja. Anabeba kinasa sauti, anarekodi vitu vya kawaida, mtaa, mvua, umeme kwenye waya, halafu anazivuta zinakuwa ndefu kama ukungu. Albamu yake Peel ilitoka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Vienna.

Sasa kosa langu la kwanza nilimsikiliza kwa earphones ndani ya matatu. Sikujua gani ni ya gari na gani ni yake. Kuna mlango ulikuwa unalia, nikasema huyu kijana ni noma, sikia hiyo texture. Kumbe ni mlango wa mat. Konda akaufunga, wimbo ukaisha.

Na kama mnataka upande wa pili kabisa, Duma. Walikuwa wasee wawili wa Nairobi, mmoja alikuwa anapiga mayowe ya metali, mwingine mashine. Albamu yao 2020 pia, kwa haohao Nyege Nyege Tapes. Hiyo usisikilize kwa matatu, utashushwa.

Waya_Mbili

"Konda akaufunga, wimbo ukaisha." Mkuu umeniua.

Ughaibuni_Berlin

Nipo Berlin mwaka wa sita, nafanya kazi ya usiku bohari, kwa hiyo matamasha ya usiku mimi ndio saa zangu za kuwa macho. Niwape ya huku.

Kuna tamasha linaitwa Atonal. Lilianza 1982, likafa 1990, likafufuliwa 2013. Linafanyika ndani ya kituo cha zamani cha kuzalisha umeme, Kraftwerk, kilichojengwa na Berlin Mashariki miaka ya 1960. FundiMziki ungelia. Mashine zimeondolewa, limebaki zege tupu, nguzo nene kama mibuyu na juu huoni mwisho. Sauti ikitoka inachukua muda wake kurudi. Wasanii wanaojua wanaingoja irudi ndipo wanapiga inayofuata. Wasiojua wanajaza, inakuwa uji.

Mlangoni wanagawa vizibo vya masikio. Siku ya kwanza nilikataa, nikaona aibu, mwanaume gani anaziba masikio kwenye muziki aliolipia. Nilitembea na mlio wa nzi kichwani siku mbili. Sasa navaa, na ajabu ni kwamba unasikia vizuri zaidi, maana besi huisikii kwa masikio kule. Unaisikia kwa shati. Shati linapepea.

Kinachonishinda ni ukimya wa watu. Onyesho likiisha wanapiga makofi kwa heshima kama wametoka kwenye semina. Hakuna anayepiga kelele, hakuna vigelegele. Nilipiga mbinja siku moja, mtu mzima akageuka akajiwekea kidole mdomoni, ninyamaze. Hiyo noti yako ya elfu tano huku ungeambiwa umeharibu kazi ya msanii.

dada_Tausi

Kwa hiyo unalipa kiingilio, unaziba masikio, na unakatazwa kupiga vigelegele. Jamani. Mimi na Bi Mkubwa tunabaki Mkunazini.

Waya_Mbili

FundiMziki, nina zawadi yako. Mwaka 1968 Mmarekani Steve Reich alitunga kipande ambacho ukikisoma utadhani kimeandikwa na fundi aliyefukuzwa kazi. Unalaza spika chali sakafuni. Juu ya kila spika unaning'iniza maiki kwa waya wake. Wapigaji wanazivuta maiki nyuma, kama bembea, wanaziachia kwa pamoja. Kila maiki ikipita juu ya spika yake inatoa mluzi mfupi, fii, inapita. Kwa kuwa hazipishani sawasawa, unapata fii, fii-fii, fii. Bembea zinapungua, milio inarefuka, mpaka maiki zote zinasimama juu ya spika na mluzi unakuwa mmoja mrefu. Halafu wanachomoa waya. Mwisho.

Hakuna kupiga. Kazi ya wapigaji ni kuachia tu, kisha wanakaa chini kusikiliza kama watu wengine.

Vifaa vyote hivyo unavyo stoo. Ukijaribu, rudi na mrejesho.

Kiranja74

Mrejesho juu ya mrejesho 😂 Mwalimu wewe.

FundiMziki_Tandika

Mrejesho, wakuu.

Jana Jumapili sikuwa na shughuli. Nimelaza monita tatu, zile spika za jukwaani, chali kwenye uwanja wa stoo. Maiki nimechukua zile za zamani zenye kichwa kilichobonyea, nimezifunga kwenye bomba la paa. Mtoto wangu wa kwanza ameshika moja, wa pili moja, mimi moja. Nikahesabu tatu, tukaachia.

Kilichotokea kwanza ni kwamba hakikutokea kitu. Maiki zinapita kimya, fyu, fyu, kama watoto wanacheza bembea. Nilikuwa nimezishusha sana, mazoea hayo. Nikaongeza kidogo. Bado. Nikaongeza. Ndipo ikaanza: fii. Fii. Ya mtoto wa pili ikawa na sauti nene kuliko zetu, nadhani kwa sababu monita yake koili ilishabadilishwa. Fii, fuu, fii. Watoto wakaacha kucheka. Tukakaa juu ya makreti.

Mama muuza mihogo wa jirani akachungulia getini: "Fundi, unachoma geti?" Nikamwambia hapana mama, nasikiliza. Akaingia, akasimama na upawa wake mkononi mpaka zilipokaribia kusimama. Kisha akasema, "Hii ya kati inachelewa." Na ni kweli, ilikuwa inachelewa. Kamba yake ni ndefu kuliko za wenzake, mimi mwenyewe sikuwa nimeona.

Habari mbaya: zilipotulia zote na mluzi ukawa mmoja, nilichelewa kuchomoa. Nilitaka kusikia kidogo zaidi. Tuita ya monita moja imekwenda. Nimeisikia ikienda, ilitoa kama kikohozi.

Mzee_Kasio

Kwa hiyo tuita umechoma mwenyewe, kwa makusudi, Jumapili, bila shughuli. Na yule kijana uliyemkata nusu ujira kwa kosa hilohilo, umeshamrudishia?

FundiMziki_Tandika

Mzee wangu, tuendelee na mada.

dada_Tausi

😂😂😂😂

Mbwiga_wa_Buguruni

Mrudishie pesa yake mkuu.

Mama_Shughuli

Samahani naingilia uzi. Fundi, nina kitchen party Mbagala Kizuiani, tarehe 14 mwezi ujao, wageni kama mia na hamsini. Nahitaji mziki kamili na maiki mbili ambazo hazipigi mluzi. Narudia, hazipigi mluzi. Bei gani?

FundiMziki_Tandika

Njoo inbox, bi shughuli. Hazitapiga.